Hesabu Majani Kabla ya Kung'oa: Lantana ya Miba na Lantana ya Majani Matatu

 

Leo nataka tuzungumze juu ya mimea miwili ya porini yenye maua. Najua wapo watakaosema, Bwana Shamba leo amekosa la kusema, sisi tunangoja habari za mtama na uwele, yeye anatuletea maua. Ngojeni kidogo. Mmoja wa mimea hii unaua ng'ombe. Wa pili haujapata sifa hiyo, watoto wetu wachungaji hula matunda yake, na mizizi yake hushika udongo kandokando ya makorongo. Yote miwili ni ya ukoo mmoja, na kwa mtu anayepita njiani inafanana. Mtu akikosea kuitofautisha, aweza kung'oa rafiki akamwacha adui mlangoni. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nimekwisha kufanya kosa hilo, na walioumia ni watu wengine, si mimi.

Hebu nianze na habari yenyewe.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii hapa Mpwapwa, nilipangiwa vijiji kadhaa vilivyo chini ya milima ya Kiboriani. Mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekwisha kushika, niliitisha mkutano katika kijiji kimoja ili nizungumze juu ya magugu yanayoharibu malisho. Nilikuwa nimesoma chuoni habari za lantana. Nilijua kwamba ni kichaka, kwamba maua yake yamekusanyika kama kishada kidogo cha duara, na kwamba aina moja ina maua ya waridi yenye jicho la manjano katikati. Asubuhi ile nikiwa njiani na pikipiki niliona kandokando ya korongo kichaka chenye maua ya waridi, nikakata tawi moja bila kulitazama sana, nikaenda nalo mkutanoni. Nikaliinua juu nikasema, "Ndugu wananchi, adui wa mifugo ndiye huyu. Mng'oeni popote mtakapomwona."

Wananchi ni wasikivu. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua, wakatoka na majembe, na baada ya wiki mbili kingo zote za lile korongo zilikuwa nyeupe. Hapakubaki kichaka. Mimi nikaandika katika taarifa yangu kwamba kazi imefanyika vizuri sana.

Mwezi wa Machi ikanyesha mvua kubwa ya siku mbili. Maji yakashuka kutoka mlimani kwa nguvu kama ilivyo kawaida yake, lakini safari hii yalikuta ukingo hauna kitu. Yakachukua udongo, yakachukua na sehemu ya shamba la karanga la bibi mmoja mjane aliyekuwa akilima jirani na korongo. Sikuhusisha jambo hilo na mkutano wangu. Nilisema ni mvua tu, kazi ya Mungu.

Ukaja mwezi wa Oktoba. Ninyi mnaoishi Dodoma mnaijua Oktoba: malisho yamekwisha, upepo unabeba vumbi, ng'ombe anatazama kila kilicho cha kijani. Mzee mmoja wa kijiji kilekile alikuwa amenunua mitamba mitatu kutoka mbali, fedha za mavuno ya miaka miwili. Wakafika wamechoka na wana njaa, akawafunga uani kwake wapumzike. Ua wake ulikuwa wa mimea hai, mzuri, wa kijani, wenye maua mekundu na ya machungwa, kwa kuwa mkewe alikuwa akiumwagia maji ya kunawia na kuoshea vyombo. Siku ileile vijana walikuwa wameupunguza ua, na matawi waliyoyakata yakaachwa chini karibu na mitamba. Ikawa ndiyo karamu yao.

Nilipoitwa, siku ya tano, mmoja alikuwa amekufa na wa pili amelala hawezi kusimama. Macho yao yalikuwa ya manjano. Mzee alinitazama akasema maneno ambayo sijayasahau: "Bwana Shamba, Januari ulipita hapa kwangu ukanywa maji. Ukausifu ua huu. Ukasema kila mtu awe na ua kama huu."

Ni kweli. Nilisema hivyo.

Yule bibi aliyepoteza shamba lake alikuwa amekuja kumpa mzee pole. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba mjukuu wangu," kisha akanichukua pembeni, asinifedheheshe mbele ya watu. Tukatembea mpaka penye chemchemi ndogo, mahali ambapo majembe ya Januari hayakufika. Pale palikuwa pamebaki vichaka viwili vitatu vya maua ya waridi. Akashika tawi akaniambia, "Mjukuu wangu, mti huu uliotuambia tuung'oe, sisi tumekula matunda yake tangu tukichunga mbuzi. Ule wa ua wa mzee, mbuzi wetu wa hapa huupita hawaugusi. Wewe ulitazama ua. Sisi hutazama majani. Hebu hesabu."

Nikahesabu. Ndugu wakulima, mazungumzo yangu ya leo yote yametoka katika neno hilo moja la bibi: hebu hesabu.

Sasa tuitazame mimea yenyewe, mmoja mmoja.

Yote miwili wataalamu huiita lantana. Wa kwanza jina lake la kitaalamu ni Lantana camara, na wa pili ni Lantana trifolia. Hilo neno trifolia maana yake ni "majani matatu", nanyi mtaona kwamba jina hilo limebeba siri yote. Majina ya kienyeji hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, na mara nyingi jina moja hutumika kwa mimea yote miwili. Ndiyo maana leo sitatumia jina la kijiji chochote. Nitaiita lantana ya miba na lantana ya majani matatu.

Lantana ya miba asili yake ni nchi za joto za Amerika. Katika karne ya 17 Wazungu waliichukua wakaipanda katika bustani zao huko Ulaya kwa ajili ya uzuri wa maua. Wenye bustani wakaichanganya aina kwa aina, wakapata rangi nyingi, kisha ikasambazwa duniani pamoja na meli, walowezi na bustani zao. Ililetwa kama pambo na kama ua, si kama gugu. Lakini ndege walipenda matunda yake, wakazipeleka mbegu porini. Leo huko Australia imeenea katika hekta zaidi ya milioni 4. Nchini Uganda na Kenya vichaka vyake vimepata kuwa makao ya mbung'o. Mwaka 2000 wataalamu wa hifadhi ya maumbile duniani walipoorodhesha viumbe wageni 100 walio wabaya kuliko wengine, lantana ya miba ilikuwamo. Basi mtu akikuambia ni ua la bustani tu, mwambie ndivyo lilivyoanza kila mahali.

Lantana ya majani matatu nayo iko Afrika na iko Amerika vilevile. Huku kwetu inaota yenyewe porini, kwenye vichaka, kando ya mito na makorongo, na kwenye mashamba yaliyopumzishwa. Haifanyi msitu mnene unaofunga njia kama ile nyingine. Husimama peke yake au pamoja na vichaka vingine.

Sasa alama za kuzitambua. Nitataja nne. Kama mna kijana anayejua kuandika, aandike.

Alama ya kwanza ni majani. Shika tawi, tafuta kifundo, yaani mahali majani yanapotokea kwenye shina. Katika lantana ya miba, kila kifundo kina majani mawili yanayotazamana, moja huku na moja huku, kama mikono miwili ya mtu. Katika lantana ya majani matatu, kila kifundo kina majani matatu yanayozunguka shina, kama mafiga matatu ya jiko. Mara nyingine utakuta manne. Lakini angalieni: mmea hausomi kitabu. Chipukizi changa la lantana ya majani matatu laweza kuwa na majani mawili mawili, na tawi lenye nguvu la lantana ya miba laweza mara mojamoja kutoa matatu. Kwa hiyo usihesabu kifundo kimoja ukakata shauri. Tazama matawi manne au matano, kisha ufuate walio wengi.

Alama ya pili ni miba. Pitisha kidole taratibu kwenye shina, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Shina la lantana ya miba lina pembe nne, na kwenye pembe hizo kuna vimiba vidogo vilivyopinda kama kucha za paka, vinavyokwaruza mkono na kushika nguo. Shina la lantana ya majani matatu lina vinyweleo, lakini halina miba. Hapa pia kuna tahadhari moja. Zipo aina za bustani za lantana ya miba ambazo miba yake ni michache sana. Kwa hiyo ukikuta miba, ujue umempata adui. Usipokuta miba, bado usimsamehe, endelea na alama nyingine.

Alama ya tatu ni maua, na hapa ndipo mimi nilipoanguka. Maua ya lantana ya miba hubadilika rangi kadiri yanavyozeeka. Yale machanga ya katikati huwa ya manjano, na yale ya pembeni yaliyokomaa huwa ya machungwa, mekundu au ya waridi. Kwa hiyo kishada kimoja huwa na rangi mbili au tatu kwa pamoja, kama kitambaa cha kitenge. Maua ya lantana ya majani matatu ni ya waridi au zambarau, kila kiua kikiwa na jicho jeupe au la manjano, na kishada chote ni cha rangi hiyo moja. Lakini kwa kuwa ipo lantana ya miba yenye maua ya waridi, na zipo pia nyeupe, rangi peke yake si shahidi wa kutosha. Isitoshe iko lantana nyingine ya porini isiyo na miba, yenye maua meupe. Tumia rangi kama shahidi wa tatu, usiifanye hakimu.

Alama ya nne ni matunda, nayo ni nzuri sana kama mmea umezaa. Matunda ya lantana ya miba hukaa pamoja katika kichwa kifupi cha duara. Yakiwa mabichi ni ya kijani, yakiiva ni meusi yanayong'aa. Lakini lantana ya majani matatu, maua yakianza kupukutika, kile kichwa hurefuka kwenda juu, kikawa kama gunzi dogo la mahindi, na matunda yake yamepangwa kulizunguka, ya rangi ya zambarau iliyofifia, yenye maji na utamu. Ukiona gunzi la zambarau, umefika kwa rafiki.

Mtaniuliza, na harufu je? Harufu isiwadanganye. Yote miwili ukiyafikicha majani yake mkononi hutoa harufu kali. Mimea ya ukoo huu ndivyo ilivyo.

Basi kwa kifupi mkumbuke hivi: mawili na miba, mbali na boma; matatu na gunzi, mwache pale pale.

Sasa tuje kwenye sumu, maana huenda baadhi yenu mmekwisha kupoteza mnyama mkadhani amelogwa, au ni ugonjwa wa kupe.

Sumu ya lantana ya miba imo katika majani, na kukauka hakuiondoi. Kwa kawaida ng'ombe, kondoo na mbuzi waliozaliwa mahali penye mmea huu huuepuka. Hatari kubwa iko kwa mnyama mgeni aliyetoka mahali usikoota, aliye na njaa, aliyesafirishwa mbali, na anayefungwa pasipo na kitu kingine cha kijani. Majani mabichi yenye uzito wa sehemu moja tu kwa mia ya uzito wa mnyama yatosha kumdhuru. Kwa ng'ombe wa kilo 250 hiyo ni kilo mbili na nusu, ambazo mnyama mwenye njaa huzimaliza upesi.

Sumu hiyo hushambulia ini na kuzuia nyongo isipite. Tumbo la kwanza, lile kubwa, husimama kufanya kazi. Mnyama haachi kula kwa kiburi, tumbo ndilo limekwisha kusimama. Na ubaya wake ni kwamba yale majani yenye sumu yamebaki ndani palepale, kwa hiyo sumu huendelea kuingia mwilini siku baada ya siku, hata kama umekwisha kumwondoa penye mmea.

Kisha linakuja jua. Mnyama anapokula majani, ile rangi ya kijani ikivunjwa tumboni hutoa kitu ambacho ini lililo zima hukiondoa pamoja na nyongo. Ini likiharibika, kitu hicho huingia katika damu mpaka kwenye ngozi, na jua likipiga mahali pasipo na rangi nyeusi ngozi huungua. Ndiyo maana mtaona mnyama mwenye madoa meupe ngozi yake inavimba, inapasuka na kubanduka pale penye weupe tu, na pua, midomo, masikio na chuchu huwa na vidonda. Dalili nyingine ni macho na ufizi kuwa vya manjano, mkojo wa rangi nzito, kinyesi kigumu na kidogo, na mnyama kutafuta kivuli kila wakati. Anaweza kufa katika siku chache au akateseka wiki mbili tatu ndipo afe.

Ukiona hayo, fanya hivi. Kwanza, mwondoe mnyama penye mmea huo mara moja, wala usimrudishe. Pili, mweke kivulini, si chini ya mti wenye mwanga unaopenya, bali bandani hasa, na umpe maji safi karibu. Tatu, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Yeye anaweza kumpa mkaa wa dawa uliochanganywa na maji yenye chumvi maalumu, kwa kipimo cha karibu gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama, ili ukamate sumu iliyobaki tumboni. Huo ni mkaa uliotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo, si mkaa wa jikoni. Na kazi ya kuuingiza tumboni kwa mpira muachie yeye, kwani ukimimina mwenyewe kwa chupa waweza kuupeleka mapafuni ukamuua mnyama uliyetaka kumponya.

Mtamba wa tatu wa yule mzee ulipona hivyo, maana ulikuwa umefungwa mbali kidogo ukala kidogo. Wa pili haukupona.

Na watoto? Lantana ya miba watoto wasiichezee wala wasile matunda yake, hasa yale mabichi ya kijani. Mwonyeshe mtoto gunzi la zambarau na kichwa cheusi cha duara, mmoja mkono wa kulia, mwingine mkono wa kushoto. Mtoto akifundishwa kwa macho hasahau.

Sasa, kuing'oa. Usiikate juu ukaiacha, kwani itachipua ikawa mnene kuliko mwanzo. Wala usitegemee moto peke yake. Moto huchoma nyasi, nayo lantana huchipua kabla nyasi hazijarudi, ukawa umeisaidia. Ngoja mvua zikianza kulainisha udongo, Desemba au Januari. Kata matawi yaliyo juu, kisha chimba kwa jembe na sururu mpaka chini ya kile kichwa cha mizizi, uking'oe chote. Vaa viatu, na mikono uifunge kitambaa kizito. Fanya hivyo kabla matunda hayajaiva, maana baada ya hapo ndege watakuwa wamekwisha kuchukua mbegu. Matawi uliyokata usiyatupe bomani, usiyatupe njiani yanapopita mifugo, wala usiyachomeke ardhini kuwa fito za ua, kwani yanaweza kushika mizizi. Yakusanye mahali pamoja palipozungushiwa, yakauke, kisha uyachome kwa uangalifu.

Kazi hiyo haimaliziki mwaka mmoja. Mwaka wa pili na wa tatu pita tena, hasa chini ya miti ambamo ndege hutua, uyang'oe machipukizi yakiwa bado madogo ya kung'olewa kwa mkono. Nusu saa kwa mwezi itakuokoa wiki nzima baadaye.

Lakini sikilizeni sana hili. Msiache ardhi tupu. Sisi watu wa Dodoma tunajua gharama ya ardhi tupu. Wazee wanakumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulioanza mwaka 1973, na wanakumbuka kwamba huko Kondoa mwaka 1979 ilibidi mifugo iondolewe kabisa katika eneo lililokuwa limeliwa na makorongo. Kwa hiyo kama lantana ya miba imeota kwenye mteremko au ukingo wa korongo, usiing'oe yote kwa siku moja. Ng'oa kwa vipande, ukate mteremko kwa upana wake, na kila kipande ulichokisafisha kipande nyasi za malisho zinazostahimili ukame au mkonge kabla hujaenda kipande kingine. Vichaka vingine vya porini viache visimame.

Na ua wa nyumba je? Ua wa lantana uondoe, uweke mwingine. Mkonge hufaa sana, hauhitaji maji mengi na ng'ombe hausumbui. Minyaa nayo ni ua wa zamani wa huku kwetu. Ila utomvu wake ni hatari kwa macho, kwa hiyo anayeikata ajihadhari na watoto wasikaribie. Wakati ua mpya unakua, zungushia miti mikavu ya miba. Na kwa mfugaji anayenunua mnyama kutoka mbali, namsihi jambo moja: kabla mnyama hajafika, zunguka uani kwako na njia ya kwenda majini, utazame kilicho cha kijani. Mnyama akifika, mpe nyasi kavu au mabua ashibe kwanza, ndipo umfungulie.

Nikirudi kwa lantana ya majani matatu, sisemi kwamba muikate muwalishe ng'ombe. Sivyo. Nasema iacheni mahali pake. Iache pale inaposhika ukingo. Iache karibu na mizinga, kwani nyuki hufuata maua yake. Iache kwa mtoto anayechunga mchana kutwa hana kitu tumboni.

Ndugu wakulima, baada ya mambo yale nilirudi kijijini nikaomba mkutano mwingine. Haikuwa rahisi. Nilisimama nikiwa na matawi mawili, moja mkono huu na moja mkono huu, nikasema, "Januari niliwadanganya bila kukusudia. Leo atawafundisha bibi." Naye akafundisha, kwa sauti ndogo, na hakuna aliyecheka. Mzee aliung'oa ua wake mvua zilipoanza, na mimi nilikuwa mmoja wa walioshika sururu. Wanakijiji walipanda mkonge kwenye kingo za lile korongo, ambao mwingi ulishika. Lakini sehemu ya shamba la bibi iliyochukuliwa na maji haikurudi, na mitamba miwili ya mzee haikurudi.

Basi ukisikiliza mazungumzo haya kikundi, nawapeni kazi ndogo ya wiki hii. Nendeni pamoja mpaka mahali penye vichaka vyenye maua. Kila mtu alete tawi moja. Mpangeni majani mawili mawili upande huu, na majani matatu matatu upande ule. Pitisheni kidole kutafuta miba. Tafuteni kichwa cheusi na gunzi la zambarau. Tawi mtakalobishania, msiling'oe mmea wake. Mpelekeeni bwana shamba wenu. Na kama bwana shamba naye atatazama ua tu akajibu haraka haraka, mwambieni kwa adabu: hebu hesabu.

Kwa leo naishia hapo. Kwa herini, na mvua njema.